Mradi wa mwaka wa mwisho uruhusiwe kurithiwa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu ya uhandisi

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Na wakuu wa ndaki, shule na idara zote zinazofundisha uhandisi nchini.

YAH: OMBI LA KURITHISHANA MIRADI YA MWAKA WA MWISHO

Waheshimiwa,

Mimi ni mhitimu wa mwaka huu wa shahada ya uhandisi mitambo. Matokeo yameshatoka. Mradi nilioufanya na wenzangu wawili umepita kwa alama nzuri, na ripoti yake yenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu imeshapelekwa maktaba. Sina alama ninayoikatia rufaa wala mwalimu ninayemshitaki. Chuo nilichosoma sitakitaja, maana ninayoyasema nimeyasikia pia kwa wenzangu waliosoma kwingine.

Ninaomba jambo moja. Kundi moja likimaliza mradi wake, kundi linalofuata liruhusiwe kuuendeleza, likiwa na mashine ileile, michoro ileile, takwimu zilezile na mtumiaji yuleyule aliyekusudiwa. Kwa sasa mwanafunzi anayependekeza kuendeleza kazi ya waliomtangulia huambiwa mada hiyo imeshafanywa, atafute nyingine. Naye hutafuta nyingine, ambayo mara nyingi ni ileile iliyobadilishwa jina.

Mradi wetu ulikuwa mashine ya kukaushia mahindi kwa joto la magunzi. Wazo lilitokana na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda mpakani kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kulegeza siku chache baadaye kwa masharti. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumu ikishaingia kwenye punje, kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuuzuia ukungu mapema, na njia mojawapo ni kuyakausha mahindi upesi na kuyatoa juu ya udongo.

Kwenye karatasi hesabu yake inavutia. Ukichukua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 ukataka yafike 13.5, unatakiwa kuondoa maji karibu kilo 7.5. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji joto la megajuli 19 hivi. Tuseme mashine ya bei ya kijijini inapoteza theluthi mbili ya joto njiani, basi utahitaji megajuli 57, ambazo unazipata kwenye magunzi makavu yasiyofika kilo nne. Na mahindi hayohayo ukiyapukuchua yanakuachia magunzi mengi kuliko hayo. Mkulima hanunui mafuta wala hakati mti. Ukiiona hesabu hii ukiwa mwaka wa nne unadhani umelikomboa taifa.

Kisha unakwenda maktaba kuandika sura ya pili. Humo tulikuta ripoti kadhaa za mashine za kukaushia nafaka zilizoandikwa na wanafunzi wa miaka ya nyuma wa idara yetu wenyewe. Moja ilitumia jua, nyingine mkaa, nyingine pumba za mpunga. Zote zilianza na ukurasa uleule wa upotevu wa mazao baada ya kuvuna, zikapita kwenye milinganyo ileile, zikaishia kwenye mashine moja ya majaribio, na kila moja ina sura ya mwisho yenye mapendekezo: utafiti zaidi ufanyike kuhusu mtawanyiko wa hewa, utafiti zaidi ufanyike kuhusu gharama. Anayepaswa kuufanya huo utafiti hatajwi. Tuliuliza mashine zenyewe zilipo, maana picha zake zilikuwa nzuri. Fundi sanifu wa karakana akatuambia kwamba nafasi ni ndogo na kila mwaka vyuma vya zamani huuzwa kama skrepa ili wapya wapate pa kuchomelea. Hakuwa na la kufanya zaidi. Hakuna aliyemwambia kuwa chochote katika hivyo vyuma kina thamani.

Ningependa mzitazame hizo sura za mapendekezo. Zikikusanywa kutoka vyuo vyetu vyote, tangu kitivo cha uhandisi kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973 hadi leo, mtapata orodha ndefu ya kazi ambazo tayari zina msingi. Sisi tuliziandika tukijua kwamba hazina msomaji. Tuliziandika kwa sababu mwongozo wa ripoti unataka ziwepo.

Yaliyofuata ni ya kawaida, sitayasimulia yote. Bati na vyuma vya pembe vilikula sehemu kubwa ya bumu. Feni tuliipata Kariakoo baada ya kubishana sana. Kazi ya kukunja na kuchomelea tuliifanyia Gerezani, mtaa wa mafundi vyuma jijini Dar es Salaam, kwa sababu mashine ya kukunjia bati ya chuoni ilikuwa inasubiri kipuri. Fundi wa pale aliutazama mchoro wetu uliochorwa kwa kompyuta, akaweka kidole kwenye kona ya chumba cha hewa moto, akasema, "Vijana, hapa nikishakunja upande wa kwanza, wa pili nitauingiza wapi?" Akapendekeza tuvunje umbo lile vipande viwili vya kufunga kwa bolti. Kwa njia hiyo mashine ikawa rahisi kusafisha majivu, jambo ambalo baadaye ndilo lililosifiwa zaidi. Ushauri wake haumo kwenye ripoti. Hakuna sura ya kuuweka, na msimamizi alitukumbusha kwa upole kwamba marejeo yanatakiwa yawe ya majarida.

Sasa nije kwenye msimu, maana hapa ndipo mfumo wa mwaka mmoja unapogonga mwamba. Tulichagua kijiji kimoja cha wilaya ya Mvomero, Morogoro, eneo lenye vuli na masika. Kwenye maeneo ya namna hiyo mahindi ya vuli huvunwa kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, masika yakiwa yanabisha hodi, na huo ndio wakati mkulima anaohitaji mashine kuliko wakati mwingine wowote. Wakati huo mwanafunzi yuko kwenye mitihani ya muhula wa kwanza na mradi wake ni andiko tu. Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti. Wakati huo mwanafunzi ameshatetea ripoti na amerudi kwao. Katikati, Mei na Juni, ndipo mashine inapokamilika, na shambani hakuna hata punje moja mbichi ya kuvuna.

Basi tukafanya kama walivyofanya waliotutangulia. Tulinunua mahindi makavu sokoni, tukayapima, tukayalowesha kwa maji ya kipimo, tukayafungia kwenye ndoo yanywe, kisha tukayakausha tena. Mbinu hii inakubalika maabara, na tuliieleza wazi kwenye ripoti. Ila mahindi yaliyoloweshwa upya hayakauki kama yaliyotoka shambani; mara nyingi maji yake hutoka upesi zaidi. Muda wa kukausha tulioupata unaipendelea mashine. Jopo halikuuliza. Nami sikulaumu jopo, kwa kuwa lingeuliza tungejibu nini? Tusubiri Februari? Februari hatutakuwa wanafunzi.

Mashine ilipelekwa kijijini Juni ionekane. Mama mmoja mwenye shamba la mahindi na kuku wengi aliizunguka, akaifungua mlango, akautikisa wavu. Yeye hupima ukavu wa mahindi kwa chupa: anaweka chumvi kavu, anatia punje, anatikisa, chumvi ikigandia kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado. Tulilinganisha chupa yake na kipima unyevu chetu, na kwa kazi ya kuamua gunia lifungwe au lisifungwe, chupa ilitosha kabisa. Kisha akatuuliza, "Wanangu, na hii nayo ni ya mtihani?"

Walishakuja wengine kabla yetu. Si wa idara yetu, pengine si wa chuo chetu. Alikumbuka tu kwamba walikuwa vijana wenye adabu, walipima, wakapiga picha na ghala lake, wakaondoka na hawakurudi. Alitukaribisha vizuri hivyohivyo, tukala, akajibu dodoso letu lote. Ila hakutaka mashine iachwe kwake. Alisema ikiharibika hatakuwa na wa kumwita, na vitoto vitajiunguza.

Katika mradi mzima hakuna aliyefanya tathmini ya kihandisi nzuri kuliko hiyo. Mama yule alitaka kujua matengenezo ni ya nani, usalama ni wa nani, na ahadi inadumu hadi lini. Mfumo wetu hauna jibu, kwa sababu yule anayeahidi anahitimu mwezi unaofuata.

Siku ya kutetea tulipewa dakika zetu mbele ya jopo. Mashine ilikuwa nyuma ya karakana, mwendo mfupi kutoka chumba kile, imebeba mahindi na magunzi yamepangwa tayari kuwashwa. Tuliulizwa mpangilio wa marejeo, tukaulizwa kwa nini jedwali moja limekatwa na ukurasa, tukaulizwa swali moja zuri sana la uhamishaji joto. Mashine ilionekana kwenye projekta. Ninajua walimu wale walikuwa na makundi mengi siku hiyo, na jua lilikuwa kali. Ninachosema ni kwamba kinachotolewa alama ni kitabu. Mwanafunzi akishajua hivyo, atatengeneza kitabu.

Na hapa niwatetee wenzangu mnaowacheka. Mmekuwa mkilalamika, hata kwenye hotuba, kwamba miradi ya siku hizi ni ileile: pipa la taka linalojifungua, mfumo wa kumwagilia bustani wenyewe, mlango unaofunguliwa kwa ujumbe wa simu, kifaa cha kusajili mahudhurio kwa alama ya kidole. Kila kimoja kina Arduino ndani, yaani kibao kidogo cha kompyuta cha kuendeshea vifaa, kihisi cha kupima umbali, na taa nyekundu inayowaka. Mnasema ni uvivu. Mimi nasema vijana wamepiga hesabu vizuri. Ukimpa mtu miezi michache, fedha za kuungaunga, karakana yenye foleni, na sharti kwamba aanze upya na amalize peke yake, atachagua kitu kinachoingia kwenye begi, kinachonunuliwa Kariakoo kwa siku moja, na kinachofanya kazi mezani mbele ya jopo. Vitu vinavyohitaji misimu miwili ya mvua havitachaguliwa kamwe: pampu inayotakiwa kukaa kisimani mwaka mzima, tofali linalotakiwa kunyeshewa, chujio la floridi la Arusha linalotakiwa kupimwa mpaka dawa yake ichoke. Matatizo ya nchi yanayotaka muda tumeyafungia nje sisi wenyewe, kwa ratiba.

Haikuwa lazima iwe hivi, na hapa nchini tunao ushahidi. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoko Arusha, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Miaka ya 1980 mafundi na wahandisi wake, wakishirikiana na Wajerumani, waliuchukua mtambo wa bayogesi wa kuba uliozikwa ardhini, ambao asili yake ni China, wakaurekebisha ili kuba lisipasuke na gesi isivuje. Hawakuuanza sifuri. Na hawakuumaliza: baadaye ukaja muundo wa CAMARTEC uliorekebishwa tena, ukajengwa kwenye nyumba nyingi za wafugaji, na Wakenya wakauchukua wakatoa wa kwao wanaouita KENBIM. Huo ni ukoo mzima wa mtambo mmoja, kila kizazi kikisahihisha mshono wa kile kilichotangulia. Fikirini kama kila mwaka CAMARTEC wangeambiwa kuba limeshafanywa, watafute umbo jingine.

Nje ya hapa, Chuo Kikuu cha Purdue huko Indiana, Marekani, kina mpango wa miradi ya uhandisi kwa jamii uitwao EPICS, ulioanza mwaka 1995. Mradi ni wa jamii husika, na wanafunzi huingia na kutoka muhula hadi muhula. Anayeingia anakuta daftari la waliomtangulia na mtu wa kumpigia simu. Sisemi tunakili kila kitu. Purdue ina fedha ambazo sisi hatuna. Ila daftari halina gharama hiyo.

Najua pingamizi zitakazotolewa, maana nilizisikia nilipomgusia jambo hili mwalimu mmoja ninayemheshimu.

La kwanza ni kwamba mwanafunzi atapimwaje kama amekuta mashine imeshasimama. Mimi naona ni rahisi zaidi kumpima. Mashine yetu ina kasoro inayojulikana kwa namba: tabaka la chini la mahindi hukauka kupita kiasi wakati la juu bado lina unyevu, kwa sababu hewa moto inapanda ikipoa na kubeba maji njiani. Tiba zake zinafahamika, nazo ni kupunguza kina cha mahindi, kuyageuza, au kubadilisha mwelekeo wa hewa katikati ya kazi. Kundi la pili likichagua moja, likapima kabla na baada, mtaona mchango wake bila kubahatisha. Ugumu ni kupima vitu visivyo na cha kulinganishwa nacho, na ndivyo mnavyopima leo.

Tena kazi yenyewe ya uhandisi ndivyo ilivyo. Bwawa la Kidatu linazalisha umeme tangu 1975. Kijana atakayeajiriwa kule hataambiwa asanifu bwawa. Ataambiwa asome michoro ya watu waliostaafu, aelewe kwa nini walifanya hivi na si vile, na asiiharibu. Atakayeingia mamlaka ya maji atakuta mabomba yaliyolazwa kabla hajazaliwa. Kusoma kazi ya mwingine na kuiendeleza ndiyo kazi ya kwanza ya wengi wetu, nasi tunahitimu bila kuifanya hata mara moja. Nimejifunza kuandika ripoti. Kusoma ripoti ya fundi mwenzangu kwa nia ya kuitumia, sikufundishwa.

Pingamizi la pili ni wizi wa kazi. Kuendeleza kazi ya mtu huku umemtaja na kuonyesha mpaka wake si wizi. Sheria ya chuo inaweza kudai ukurasa mmoja tu: tulichokuta, tulichobadilisha, tunachokabidhi. Kuhusu haki za ubunifu, chuo kina ofisi, BRELA, wakala wa usajili wa biashara na hataza, wapo, na ikitokea mashine ya mwanafunzi ikafikia hatua ya kuombewa hataza, nitafurahi sana tukigombana majina yapangweje. Mpaka sasa tunalinda siri ya vitu vilivyouzwa skrepa.

La tatu lilisemwa kwa sauti ya chini: walimu wamezidiwa. Hilo ni kweli na halihitaji ubishi. Lakini msimamizi mwenye mradi mmoja unaodumu miaka mitatu ana kazi ndogo kuliko mwenye miradi mitatu mipya kila mwaka, kila mmoja akiufahamu upya pamoja na wanafunzi.

Sasa ombi lenyewe, kwa kila mwenye dhamana.

Tume ya Vyuo Vikuu mnapopitia miongozo ya mitaala, tamkeni kwamba mradi wa shahada ya kwanza ya uhandisi haulazimiki kuwa mada mpya. Upya ni wa shahada ya uzamivu. Sentensi moja kutoka kwenu itawapa wakuu wa idara kifua cha kukubali mambo ambayo wengi wao, naamini, wangependa kuyakubali.

Wakuu wa ndaki, tengeni chumba na rejista. Hata kontena lililochakaa linatosha. Mashine inayokabidhiwa iwe na kadi yake, michoro yake katika faili linalofunguka, takwimu zake ghafi, na jina la mtu wa kijijini au kiwandani aliyekubali kushirikiana nasi. Fundi sanifu apewe mamlaka ya kusema hiki hakiuzwi. Na kwenye jopo muweke mtu mmoja anayetumia kitu kinachotetewa, awe mkulima, mama lishe, dereva wa bodaboda au fundi wa Gerezani, kisha jopo litoke nje likaione mashine ikifanya kazi. Sehemu ya alama itolewe kwa makabidhiano: kundi jipya lisome mafaili, liwashe mashine bila msaada wa walioitengeneza, na likishindwa, waliokabidhi wapungukiwe.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ninyi mna mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu, SEAP, ambao sisi wahandisi wahitimu tunaupitia kabla ya kusajiliwa kuwa wahandisi wataalamu. Ruhusuni mhitimu aandike kwenye taarifa zake saa alizotumia kulilea kundi lililorithi mradi wake. Si zawadi kubwa, lakini itatufanya tupokee simu.

Tume ya Sayansi na Teknolojia, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza 2019 yamewapa vijana wengi jukwaa, nayo ni mazuri. Ongezeni kundi moja la washindani: wale walioendeleza kitu cha wengine. Kwa sasa anayesimama jukwaani ni mvumbuzi peke yake na kifaa kinachong'aa, na kila mtazamaji anaondoka akidhani ubunifu ni kuzaa. Aliyemlea mtoto wa mwenzake hadi akatembea hana meza.

Waheshimiwa wa Wizara, wenzenu wa Viwanda na Biashara wanazo SIDO, CAMARTEC, TEMDO na TIRDO, taasisi za kuendeleza viwanda na teknolojia. Mashine ikishapita mikono ya makundi matatu ikabaki hai, iwe na njia ya kwenda kwenye taasisi hizo bila wanafunzi kubisha hodi ofisi kwa ofisi wakiwa na barua. Fedha mpya nyingi sioni kama zinahitajika. Zile zinazotumika leo kujenga msingi uleule kila mwaka zitatosha kupandisha ukuta.

Jambo hili lisianzishwe kwa tamko la nchi nzima. Idara moja katika chuo kimoja ikichagua miradi mitano ya mwaka huu ikairithisha, baada ya mwaka mmoja mtakuwa na cha kulinganisha. Ikishindikana, mtajua imeshindikana wapi, na yeyote atakayejaribu tena hataanza upya.

Kwa upande wetu, sisi watatu tumeshaandaa kila kitu cha mashine ya mahindi: michoro, takwimu, orodha ya maduka na bei, maelezo ya kona aliyoisahihisha fundi, na jinsi ya kupima kwa chupa ya chumvi. Mama wa Mvomero amekubali mashine ijaribiwe kwake mavuno ya vuli, kwa sharti kwamba anayekuja mwakani amjue kwa jina na awe na namba ya anayemfuata. Mkuu wa karakana anataka mashine iondolewe na nafasi ibaki wazi kabla muhula haujafunguliwa. Nimemwomba avute subira hadi mtakapojibu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi mhitimu,
Dar es Salaam